Hakuna Kitu Kooni

Juzi mjukuu wangu, huyu anayesomea utabibu, alikuja likizo akanisimulia habari ya mgonjwa wao. Mama mmoja alilalamika kwamba kitu kimemkwama shingoni. Wakammulika, wakaona pasafi, wakamwambia nenda nyumbani mama, huna kitu. Kijana anasimulia huku anacheka. Mimi nikakitua kikombe kwa kishindo, chai ikamwagikia kanzu. Akauliza, "Babu, una nini?" Nikamwambia vuta kiti, leo hutoki hapa mpaka nimalize.

Na ninyi wanafunzi wenzake mliokuja leo kunisikiliza, vuteni viti. Najua mna mashine za kila namna, na sizitukani. Nataka tu mjue kwa nini mzee mzima anashtuka kwa kusikia maneno matatu: hakuna kitu kooni. Maneno hayo niliwahi kuyaandika mimi, kwa mkono wangu huu, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana.

Nilikuwa dresa. Wengi wenu hamjui dresa ni nani. Ni mtu wa kuosha vidonda, kufunga bandeji na kudunga sindano, na kama dispensari iko mbali na daktari, basi dresa ndiye daktari. Wameru waliniita ndagitari. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, ndevu hazijakamilika, na nikiitwa hivyo naitika bila haya.

Halafu mimi ni mtoto wa bucha. Baba yangu, Mzee Hamisi, aliuza nyama Meru mjini, karibu na soko la Gakoromone. Sisi ni wale Waislamu wa mjini: bibi Mmeru, babu alikuja na misafara kutoka bara la huko Tabora, na Kiswahili ndiyo lugha ya jikoni kwetu. Baba alinifundisha kuchinja kabla sijajua kusoma. Alinishika kidole akanipitisha kwenye shingo ya mbuzi. Hili gumu lenye pete pete ni koromeo, pumzi inapita hapa. Huu laini ulio nyuma yake ni umio, chakula kinapita hapa. Kisu kipite vyote viwili na ile mishipa ya damu ya pembeni, kwa mara moja, mnyama asiteseke. Umio ukiushika unateleza kama soksi iliyolowa. Basi mimi nikajiona kwamba habari za koo hakuna wa kunifundisha. Kiburi kile, wallahi, nikikikumbuka nataka kujizaba kofi.

Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, nilipelekwa dispensari moja upande wa Kanyakine. Watu walikuwa wameondolewa mashambani kwao wakakusanywa katika kijiji kimoja, nyumba zimebanana, na kuzunguka kijiji kuna handaki walilochimbishwa akina mama. Asubuhi homugadi, askari mgambo wa serikali, anapiga filimbi, wote wanatoka na majembe. Filimbi ikilia hakuna kumaliza uji wala kumnyonyesha mtoto. Ambaye hawezi kwenda ni lazima apite kwangu, nimpime, nimwandikie cheti. Cheti kilikuwa na neno moja kati ya mawili: Kazi, au Apumzike. Hedimani, msimamizi wa kijiji aliyewekwa na serikali, alisimama mlangoni mwangu kila siku kuvisoma. Alikuwa mtu wa maneno machache na koti refu la kijeshi, hata jua likiwaka.

Jambo lingine lazima mlielewe, la sivyo mtapotea. Serikali ilikuwa inawasaka waliokula kiapo cha kuipinga, na kiapo kilikuwa kinaliwa kwa nyama ya mbuzi. Kwa hiyo ukikutwa na nyama ya mbuzi pale kijijini, umekwisha. Nani kachinja? Wapi? Nani wengine walikuwepo? Maswali hayo yaliulizwa kambini kwa askari, si barazani, na walioulizwa tuliwaona wakirudi, wengine wakibebwa.

Na mimi, mwenye akili zangu timamu, nikachinja mbuzi.

Ilikuwa Idi ya kuchinja. Ruhusa ya kwenda nyumbani sikupata, na Idi bila kuchinja niliona kama nimemkosea baba. Nikanunua mbuzi mdogo, nikamchinja nyuma ya dispensari, kimya kimya, nikajiambia mimi ni mtu wa serikali, nani ataniuliza? Wakati wa kukatakata nyama kisu changu kilikuwa kimeshakuwa butu. Shingo nikaikata kwa panga, kacha kacha, kama mtu anayepasua kuni. Baba angeniona angenifukuza buchani. Mifupa ya shingo unaiachanisha kwenye viungo kwa ncha ya kisu, kwa sababu panga huacha vipande vyenye ncha kali. Nilijua hayo yote, lakini nilikuwa na haraka.

Sasa Idi ina sadaka yake, fungu la masikini. Nilimpa mama mmoja aliyekuwa akifagia uwanja wangu, nimefunga kwa majani ya mgomba, nikamwambia agawane na wenzake wa handakini, maana njaa ilikuwa imewakausha. Nikamwambia tena, nimekaza macho: "Mkila, kuleni. Lakini asithubutu mtu kusema nyama imetoka wapi." Akasema, "Ii, ndagitari," akaiweka chini kabisa kwenye kiondo, akafunika kwa mboga.

Siku mbili baadaye akaja Kathure.

Alikuwa mama wa makamo, mrefu, mwenye mikono mikubwa ya jembe. Sikuwa nikimjua ila kwa kumuona kwenye foleni. Alikuja amejifunika mdomo kwa kitambaa. Nikamwuliza ana nini. Akaweka kidole hapa, kwenye kale kashimo chini ya koo, juu ya mfupa wa kifua.

"Ndagitari, kitu imekwama hapa."

"Kitu gani?"

Akakaza kitambaa mdomoni.

"Umekula nini, mama?"

Alinitazama mimi, akamtazama hedimani mlangoni, akanitazama tena mimi. Akasema, "Sijakula kitu."

"Hujala kitu, na kitu kimekwama?" Nilisema kwa sauti, ili hedimani asikie kwamba mimi si mtu wa kuchezewa. Watu kwenye foleni wakacheka kidogo. Nikachukua tochi, nikambonyeza ulimi kwa kijiko, nikatazama. Koo jekundu kidogo, safi. Nikamshika shingo nje, nikapapasa pale pale alipoonyesha, nikiona fahari kwamba vidole vyangu vinajua kila kitu kilichomo humo. Hakuna uvimbe. Nikampa ndizi, nikamwambia meza. Akameza. Nikamwambia, unaona? Imepita. Alipofika mlangoni ndizi ikarudi, nzima, na mate mengi yenye povu. Hedimani akasema, "Anajitapisha." Nami nikaona ndivyo, kwa sababu walikuwepo waliokuwa wakijitapisha ili wasiende handakini, na mimi ningekuwa wao ningejitapisha pia.

Nikaandika: Hakuna kitu kooni. Kazi.

Akaja siku ya pili. Kidole pale pale. Nikammulika tena, nikaandika vile vile. Siku ya tatu alikuja na kopo la kutemea mate, maana hata mate yalikuwa hayapiti, macho yameingia ndani. Nikaandika mara ya tatu. Haki ya Mungu, niliandika mara ya tatu!

Hedimani alikipokea cheti akakisoma polepole, akafuata kila neno kwa kidole. Kisha akauliza swali ambalo mimi dresa sikuwahi kujiuliza.

"Daktari, kama hakuna kitu, ni nini inamkaba?"

Nikasema labda anajifanya.

"Apana. Angalia hiyo mate. Hii mama iko na kiapo kwa shingo. Alikula, na sasa inamkataza kusema. Wewe mwenyewe umeandika hapa, koo haina kitu. Wacha akaitapike kwa kambi."

Akakunja cheti changu akakitia mfukoni. Wakamchukua Kathure pale pale mbele ya dispensari. Alipopita dirishani kwangu alinitazama. Nilidhani ananilaani. Nikainamisha kichwa nikaita anayefuata.

Niliendelea na kazi. Nilijiambia mambo ya siasa si yangu, mimi nimeandika nilichoona.

Kesho yake ilikuwa zamu yangu ya kwenda hospitali kubwa ya mjini kuchukua dawa. Huko alikuwako dresa mkuu wetu, Bwana Njeru, mtu wa Kianjokoma kule Embu, mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Ndiye aliyenifundisha kazi, na alikuwa akiniita Mtoto wa Nyama. Tulikuwa tunakunywa chai stoo, nikamsimulia habari ya Kathure. Nilisimulia kama kichekesho, kama mjukuu wangu juzi. Nafikiri nilikuwa natafuta mtu acheke ili moyo utulie.

Bwana Njeru hakucheka. Aliweka kikombe chini. "Alikuonyesha wapi?"

Nikaweka kidole kwenye kashimo ka koo.

"Na wewe ukatazama wapi?"

"Hapo hapo alipoonyesha. Nitazame wapi tena?"

"Mtoto wa Nyama, wale mbuzi wa baba yako, kuna mmoja aliwahi kukuambia anaumwa wapi?"

Nikasema hapana, mbuzi hasemi.

"Basi hujui umio wewe. Unajua nyama tu. Kaa hapa."

Alichukua mpira mwembamba, ule wa kulishia wagonjwa kupitia puani. Kwenye ncha yake akafunga kidole cha glavu kwa uzi, akakaza vizuri. Akanifunga macho kwa bandeji. Akaupitisha mpira puani, akaniambia nimeze. Vijana, ukimezeshwa mpira na Bwana Njeru unameza. Machozi na kamasi vilinitoka, nikakaribia kutapika chai yote. Alipofika alikotaka akaanza kusukuma maji kwa bomba la sindano, kile kidole cha glavu kikawa kinavimba ndani yangu.

"Iko wapi?"

Niliogopa kufungua mdomo nisitapike, nikaonyesha kwa kidole. Kashimo ka koo. Nilikuwa na uhakika kama ninavyojua jina langu.

Akasukuma maji zaidi. Masalale! Kifua kilinibana, katikati, maumivu yakanipanda mpaka tayani, jasho likanitoka. Nilimshika mkono nikamwambia, "Moyo! Bwana Njeru, moyo wangu!" Nikaanza kutoa shahada.

"Moyo wako uko sawa. Nyamaza."

"Toa! Toa basi!"

"Nimeshatoa."

"Haujatoka, nausikia hapa, bado uko hapa!"

Akanifungua macho. Mpira ulikuwa mezani, umelala kwenye bakuli, unatiririka maji. Nami bado naushika kooni kwa kidole, naapa umo ndani. Nilitazama meza, nikajipapasa shingo, nikatazama meza tena. Sijawahi kushtuka kama vile, kwa sababu si mpira ulionitisha bali mwili wangu mwenyewe, ambao nilidhani ni mtu mkweli.

Bwana Njeru akaupima ule mpira kwenye kifua changu kwa alama aliyotia. Ncha ilikuwa imefika chini, karibu na mdomo wa tumbo. Kutoka pale mpaka kashimo nilikoonyesha ni shibiri nzima.

Akanieleza, na sasa nawaeleza ninyi kwa maneno yake. Ncha ya kidole ina mishipa ya fahamu mingi, kila mmoja na njia yake. Ukichomwa mwiba hata gizani utaugusa pale pale. Umio una michache, na inaingia kwenye uti wa mgongo ikiwa imechanganyika na ile ya moyo na ya kifua. Ubongo unapata habari kwamba kuna shida, lakini ni kama barua iliyofika posta bila anwani. Karani hawezi kuitupa, anaipeleka anakozoea kupeleka. Shingo ndiyo inayozungumza naye kila siku, kwa kula na kusema, basi anaipeleka shingoni. Na ukishamwamsha karani huyo kwa nguvu, anaendelea kupiga kelele hata barua zikiisha. Mimi mpira ule niliusikia kooni siku mbili nzima.

"Mgonjwa akikuonyesha shingo," akasema, "tazama mpaka tumboni. Na ukitazama usione, andika sijaona. Usiandike hakuna."

Kisha akauliza, "Yuko wapi huyo mama?"

Nikamwambia. Kigoda chake kilianguka alivyosimama.

Hapa niwakatize kidogo, kwa sababu mtatoka hapa mnadhani kila maumivu ya kifua ni ya umio. Miaka mingi baadaye aliletwa mzee wa Maua, mkulima wa miraa, ameshaaga wake zake na kuwagawia watoto miti, amelala kwenye machela ameshika moyo. Kilikuwa kiungulia. Alikunywa dawa nyeupe akacheua, mlio mmoja mkubwa, wadi nzima ikageuka, na kesho yake akawa na kazi ya kunyang'anya watoto miti yake. Tulicheka wiki nzima. Mwezi uliofuata mwingine alikuja kwa miguu yake, akasema ni kiungulia tu, nipeni dawa nyeupe, akafia kwenye benchi, na ulikuwa moyo. Njia ni ile ile, inabeba habari za moyo na za umio. Msicheke haraka.

Turudi kwa Kathure. Bwana Njeru alikwenda kwa daktari bila kubisha hodi, akatoka na barua iliyotiwa sahihi: mgonjwa aletwe hospitali. Tulipanda lori la dawa. Kambini tulimkuta ameketi chini, ameegemea ukuta wa mabati, kopo lake la mate mapajani. Viganja vya mikono vilikuwa vimevimba, sikuuliza kwa nini. Walikuwa wanamwambia tapika, tapika kiapo, na yeye hata maji yalikuwa hayashuki. Aliniona akataka kusimama, kwa heshima. Kusimama kwa ajili yangu! Nilitaka ardhi inimeze. Wakatuachia aende kwa sharti kwamba askari mmoja afuatane naye na asimwache hata kidogo, kwa sababu bado ni mshukiwa.

Hospitalini alinyweshwa dawa nyeupe kama chokaa kidogo kidogo, akapigwa picha ya eksirei. Daktari aliining'iniza dirishani tukatazama. Ile nyeupe ilishuka ikapita shingo, ikapita juu ya kifua, ikafika nyuma ya moyo, chini kabisa, ikasimama. Shingoni alikoonyesha hapakuwa na kitu chochote. Niliandika ukweli mtupu kwenye vile vyeti, na ukweli ule ulikuwa karibu umuue.

Siku iliyofuata daktari alimlaza kwa dawa ya usingizi, akapitisha bomba refu la chuma lenye kitaa kwenye ncha, na koleo ndefu. Mimi nilishika kichwa cha mama. Ilichukua muda mrefu. Kikatoka kipande, daktari akakiangusha kwenye bakuli, kikalia ting.

Nyama iliyoiva kidogo, na mfupa ndani yake, upande mmoja umechongoka.

Mimi ni mtoto wa bucha. Nilijua ni mbuzi kabla hakijatulia bakulini. Nilijua ni shingo. Na ule mchongoko nikaujua pia, ulikuwa wa panga, mkato wa ovyo wa mtu mwenye haraka. Mchinjaji yeyote wa Meru mjini angeona aibu kuukata vile. Nikaendelea kushika kichwa cha mama.

Lahaula! Nilimuuliza umekula nini, kwa sauti kubwa, hedimani akiwa mlangoni, na nilikuwa nimekula naye mbuzi mmoja.

Kathure alipoamka askari alikuwa ameshaliona bakuli. Hakuwa mjinga. Alilisogeza karibu na uso wa mama.

"Mbuzi. Mama, hii mbuzi ulikula wapi? Sasa koo imefunguka, sema."

Kathure alilitazama bakuli. Akanitazama mimi, niliyekuwa nimesimama miguuni pa kitanda na taulo mkononi. Akatikisa kichwa, kidogo sana. Askari alidhani anamkatalia yeye. Mimi nilijua ananikataza mimi. Mama yule alikuwa amekaa siku zote zile na mfupa wangu kifuani, kambini, mikono imevimba, na hajataja jina langu. Kumbe alipopita dirishani kwangu hakuwa ananilaani. Alikuwa ananiahidi.

"Nyama ni yangu," nikasema.

Askari akageuka.

"Nilichinja mimi, Idi, nyuma ya dispensari. Nikatoa sadaka. Kama ni kosa, ni langu."

Kathure alifumba macho, machozi yakamshuka mpaka masikioni. Alisema kwa sauti iliyokwaruza, ya kwanza baada ya siku nyingi, "Si ulisema tusiseme, ndagitari?"

Nililia mbele ya askari, mbele ya wagonjwa, na Bwana Njeru akanishika bega akanitoa nje.

Walinifungia siku kumi na moja. Mtu wa serikali amechinja mbuzi kwa siri na kuwalisha wanawake wa handaki, hebu niambieni inasikikaje. Baba alikuja na shehe wa msikiti wetu, wakaeleza Idi ni nini na sadaka ni nini, kwa ofisa mmoja baada ya mwingine, mpaka wakachoka kuwasikia. Baba hakunikemea kwa kuchinja. Walipomwonyesha ule mfupa, kitu alichosema ni kimoja: "Shingo unaikata kwa panga, Rajabu?" Wakaniachilia, lakini dispensari nikanyang'anywa, nikarudishwa hospitali ya mjini kuosha vyombo vya wadi chini ya Bwana Njeru. Kathure walimrudisha kijijini. Kiapo hawakukitaja tena.

Sikumwona mpaka Emajensi ilipokwisha na watu wakarudi mashambani. Siku moja nilikuwa namsaidia baba buchani, nikamwona anavuka kutoka Gakoromone na mzigo wa ndizi mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Amenenepa, amependeza.

"Muga, ndagitari."

"Muga, mama. Koo linasemaje?"

Akatua mzigo. Akacheka kwa aibu. Halafu akaweka kidole pale pale, kwenye kashimo.

"Kamfupa bado kako hapa."

Nikasema, "Kila siku?"

"Apana. Nikisikia filimbi tu." Akanisimulia kitu ambacho hakuna aliyewahi kumuuliza. Siku ile alikuwa amejificha nyuma ya rundo la udongo wa handaki, ameweka nyama mdomoni, hajaitafuna hata mara moja, homugadi akapiga filimbi karibu na sikio lake. Akaogopa kuonekana anatafuna. Akaimeza nzima. "Sasa hata filimbi ya watoto wakicheza mpira shuleni, kanakuja. Kanakaa hapa. Sipitishi chakula mpaka jua liiname. Wananiambia ni mawazo."

Mfupa ule walinirudishia, nikauzika mimi mwenyewe. Picha yake niliitazama mpaka nikaikariri. Baada ya kutolewa alipigwa nyingine, dawa nyeupe ikashuka moja kwa moja mpaka tumboni bila kusita.

Nikamvutia kigoda cha baba, nikamwambia, "Kaa, mama. Hebu nionyeshe tena. Kanaanza wapi, na kanaumaje?"

Akakaa, akaniambia yote, na baba akawahudumia wateja peke yake mpaka alipomaliza.